Wanaume Mia na Kumi na Nane Waliomuoa Mke Wangu

Naapa kwa macho yangu yote mawili, la kulia ambalo ni zima na la kushoto ambalo walilisafisha hospitali mwaka juzi, kwamba hiki ninachowaandikia ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe nimekatazwa, kwa sababu ya presha.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, vijana mia na kumi na nane walikaa ndani ya ukumbi mmoja wakaandika kwa mikono yao kwamba mwaka 1979 walimwokoa binti ndani ya treni ya Mahalla.

Mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini na moja.

Na hawakuishia hapo. Wote mia na kumi na nane waliandika kwamba baadaye walimuoa binti huyo.

Binti mwenyewe ni mke wangu.

Vuteni viti.

Mimi naitwa Wagdi. Nimetumikia chuo kimoja hapa kwetu Delta ya Misri miaka thelathini na nne, kwenye stoo ya karatasi za mitihani. Chuo sikitaji, nina kesi za kutosha. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini mengine nimejisomea mwenyewe humo stoo, kwenye majibu ya watoto wa watu. Uchumi nimeusoma wote, ila nimeusoma kupitia makosa.

Nilipostaafu wakanipa kibanda cha chai kando ya lango kuu. Nauza chai na dengu za kukaanga. Hadithi natoa bure.

Sasa mbele ya kibanda changu kuna ukuta mfupi, wa kufika kiunoni. Vijana waliuita Baraza la Mawaziri. Walikuwa wanakaa pale kuanzia asubuhi, miguu inaning'inia, na kila msichana aliyepita kuelekea madarasani alijadiliwa na baraza zima. Mluzi huku, neno kule. Wengine mikono yao haikutulia.

Mimi niliona kila siku. Nilikuwa namimina chai.

Halafu likatokea jambo kwenye ngazi za jengo la pili. Msichana mmoja alibanwa ukutani na kijana, mchana kweupe, akashikwa anavyoshikwa mtu asiye na kwao. Wanaume kama thelathini walikuwa kwenye ngazi zilezile. Hakuna aliyesogea. Msichana yule hakurudi tena chuoni, na kijana aliyembana alipewa barua ya onyo.

Hapo ndipo chuo kikashtuka. Mkuu wa chuo, mtu mwenye tai na haraka nyingi, akaja na dawa yake: wasichana wote wapite lango la nyuma. Lango hilo liko upande wa mfereji. Ukitoka kituo cha basi mpaka huko ni mwendo wa nusu saa kando ya maji, mbwa wapo, watu hawapo.

Mjukuu wangu Radwa alikuwa mwaka wa pili pale. Baba yake, mwanangu Hisham, alisema neno moja tu: siku watakayofungua lango la mfereji, Radwa anabaki nyumbani. Na Hisham akisema, amesema. Kaichukua hiyo kwa mama yake.

Radwa hakulia. Alianza kusoma kwa bidii mara mbili, kama mtu anayekula harakaharaka kabla sahani haijaondolewa. Mimi kumtazama vile ilinishinda.

Akatokea daktari mmoja mwanamke, Nagla, mwalimu wa saikolojia. Daktari wa vitabu, si wa sindano. Alimwambia mkuu kwamba tatizo si njia wanayopita wasichana, tatizo liko ukutani na kwenye ngazi. Akaomba apewe wavulana wa mwaka wa pili kwa wiki sita. Angewafundisha ukatili huu ni nini, unaanzaje na neno dogo, na mtu anayeuona afanye nini badala ya kusimama kama nguzo.

Mkuu akauliza atajuaje kama mafunzo yamefanya kazi.

Nagla akajibu kwamba atapima. Wavulana watajaza dodoso kabla ya mafunzo, watajaza tena baada ya mafunzo, maksi kwa mia. Zikipanda, lango la nyuma linabaki na kufuli lake. Mkuu akakubali kwa sababu alipenda sana namba.

Mpaka hapo mambo yalikuwa safi. Kosa ni kwamba Nagla alimkabidhi mtu mmoja anayemwamini hiyo karatasi ya maswali akatoe nakala mia na ishirini.

Mtu huyo ni mimi.

Nikaenda kwa Bulbul. Bulbul ana duka la fotokopi nje ya lango, mashine tatu, mbili mbovu. Ni lazima muelewe kitu kimoja kuhusu chuo chetu: karatasi yenye maswali haijawahi kupita mikononi mwa Bulbul ikatoka bila majibu. Mitihani ya miaka yote, mazoezi, hata fomu ya kuomba bweni, Bulbul anauza majibu yake yamebanwa pini. Ndivyo watoto wanavyofaulu, na ndivyo Bulbul alivyojenga ghorofa.

Akaliangalia dodoso, akaligeuza, akalinusa.

"Ami Wagdi, huu mtihani wa somo gani?"

Nikamwambia si mtihani, ni dodoso tu, halina majina wala halina maksi za mwaka. Akanitazama kwa huruma.

"Ami, watoto wataamini hivyo? Wakiona maswali watakuja hapa kuuliza majibu. Nikiwaambia hakuna, nimekufa kibiashara. Wewe ni msomi wa stoo nzima. Nijazie moja."

Aliponiita msomi ndipo aliponimaliza.

Nikakaa pale kwake, nikavaa miwani, nikajaza. Je, msichana akivaa anavyotaka anastahili kusumbuliwa? Hapana kabisa. Je, ungemzuia rafiki yako? Ndiyo, mara zote. Nilijaza kama mtu anayejaza fomu ya kuingia peponi.

Swali la kumi na nne halikuwa la kuweka tiki. Liliacha nafasi nusu ukurasa: eleza mara moja uliyomwona mwanamke akisumbuliwa, na ulifanya nini.

Jamani, nusu ukurasa mweupe, na mimi Wagdi.

Nikawaandikia kisa changu cha treni. Mji mzima unakijua, nimekisimulia miaka arobaini na kitu. Mwaka 1979, daraja la tatu, kutoka Mahalla. Binti amebeba kopo la samli mapajani. Mtu mmoja mwenye masharubu anambana, binti anasogea, mtu anasogea. Mimi nikainuka, nikalichukua lile kopo, nikamshushia nalo utosini, samli ikaruka behewa zima. Binti akaniangalia. Nikamalizia: "Jina lake Insaf, na baadaye nilimuoa."

Nilidhani watoto wana akili. Nilidhani wataangalia mfano kisha kila mtu ataandika chake.

Jumanne ikafika. Nilikuwa nje ya ukumbi na birika langu, naona kalamu zinavyokwenda kama cherehani.

Nagla aliweka tiki zote kwenye kompyuta siku ileile. Yale maelezo ya swali la kumi na nne aliyatia kwenye bahasha kubwa ya kaki, ayasome mwisho wa mafunzo. Jioni alikuja kibandani amechanganyikiwa.

"Ami Wagdi, wastani ni tisini na nane kwa mia. Hawa ni malaika. Sasa pale ukutani wanakaa kina nani?"

Nikamwambia huenda ni wa chuo kingine. Nikamwongezea sukari.

Wiki sita zikapita. Mwanzoni walikuwa wanakuja kwenye mafunzo kama wanaopelekwa kuchanjwa, wakitoka wanacheka na kusukumana. Wiki ya tatu kicheko kikapungua. Nagla alikuwa anawaigizisha: wewe ni msichana, umechelewa, huyu yuko nyuma yako, tembea. Kijana mmoja mrefu, Karam, ambaye pale ukutani alikuwa kama waziri mkuu, aliigizishwa kutembea mara moja tu toka mlangoni mpaka ubaoni huku wenzake wakimtupia maneno yake mwenyewe. Alikuja kibandani akanywa chai mbili huku ameupa ukuta mgongo. Wiki ya tano sikumwona tena ukutani.

Nikasema moyoni, imekubali.

Ikaja siku ya dodoso la pili. Safari hii Nagla alichapa mwenyewe ofisini kwa sababu mashine ya tatu ya Bulbul nayo ilikuwa imekata roho. Na alikuwa ameyapangua maswali, la kwanza liko mwisho, la mwisho liko katikati. Majibu ya Bulbul yakawa karatasi ya kufungia maandazi.

Wastani ukatoka sitini na moja.

Kimenuka.

Mkuu alicheka mpaka akalegeza tai. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka chai ofisini kwake.

"Daktari, nimekupa wastaarabu tisini na nane, umenirudishia wahuni sitini na moja. Ningekuongezea wiki sita nyingine wangekuwa wanyang'anyi."

Akasema lango la nyuma linafunguliwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Jumapili ya kabla yake angekuja ukumbini kuwaambia wanafunzi rasmi. Nagla alikusanya karatasi zake, chai hakuigusa.

Nilimsaidia kubeba. Kwenye korido nikasoma ile ya juu, sehemu ya maelezo. Mwandiko wa mtu asiyetaka kuandika: "Nilikuwa kwenye ngazi siku ile. Niliona, nikanyamaza. Niliangalia simu."

Nikafunua ya pili. "Niliona, nikanyamaza." Ya tano. Ya tisa.

Maneno yale yalinichoma mahali ambapo sipendi kupagusa.

Nyumbani Radwa alikuwa ameshapata habari. Alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye sanduku, polepole, vikubwa chini. Hisham amekaa mlangoni. Mke wangu Insaf anachagua mchele, hachagui tena, anautazama tu.

Na mimi peke yangu, kati ya watu wote wa Delta, ndiye niliyekuwa najua kwamba tisini na nane ile haikuwa ya wavulana. Ilikuwa yangu.

Mtu mwenye heshima angekwenda kusema. Mimi nikaamua nikaibe bahasha.

Nilijipigia hesabu hivi: bahasha ya kaki ikipotea, nitasema panya, dodoso la kwanza litaonekana lina kasoro, watapima upya, na jina langu litabaki safi. Asubuhi nikachukua birika nikaenda ofisini kwa Nagla saa ambayo huwa darasani.

Alikuwepo. Bahasha iko wazi, karatasi zimejaa mezani mpaka sakafuni. Anacheka, machozi yanamtoka, sijui yapi ni ya kipi.

"Karibu, Ami Wagdi. Kaa."

Nikasema nina chai jikoni.

"Chai itasubiri. Hebu nisaidie. Nina wanafunzi mia na kumi na nane. Wote walipanda treni moja mwaka 1979. Wote walimpiga mtu mmoja mwenye masharubu kwa kopo moja la samli. Na wote wamemuoa mtu anaitwa Insaf." Akavua miwani. "Ami, mkeo anaitwa nani?"

Nikaishiwa pozi. Nikasema huyo ni Insaf mwingine.

Hakugomba. Bora angegomba. Alinieleza tu, taratibu, kwamba bila mwenye majibu hayo kusimama mbele ya mkuu, hakuna atakayeamini kuwa namba ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kwamba wasichana mia tatu na kitu wataanza kupita kando ya mfereji. Kisha akasema nije ukumbini Jumapili, na nije na huyo Insaf, maana anataka kumwona mwanamke mwenye waume wengi hivyo.

Nyumbani nikamwambia Insaf kuna sherehe ndogo chuoni, keki itakuwepo. Akaenda kuvaa koti lake zuri. Nilidhani hajui. Kumbe Radwa alikuwa ameshasikia habari za treni ya kwenye dodoso kwa wenzake, na bibi yake alikuwa ameshaulizia mpaka idadi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wavulana wote mia na kumi na nane mbele, wasichana nyuma wamesimama, Radwa yupo kati yao. Mkuu mezani na saa yake. Mimi na Insaf pembeni, safu ya kwanza.

Nagla akaeleza yaliyotokea, bila kutaja mtu. Akasema mwandishi wa majibu yupo humu ndani, na anaomba asimame.

Nikasimama mwenyewe. Kwa hiari yangu kabisa, kifua mbele.

Nikakiri. Nikasema ni mimi, Bulbul aliniomba, shetani alinisukuma, na kalamu ilikuwa nzuri. Wavulana wakavunjika mbavu. Nikaona hali si mbaya, nikapata nguvu. Nikasema ila, waheshimiwa, majibu nimetunga lakini kisa cha treni ni cha kweli, mkisikie kwa mwenyewe. Nikaanza. Nikafika pale nilipoinuka, nikanyoosha mikono kuonyesha nilivyolinyanyua kopo.

Koti langu likavutwa.

"Kaa chini, Baba Hisham," alisema Insaf. "Hilo kopo lilikuwa langu."

Akasimama yeye. Mke wangu hajawahi kuhutubia hata harusi. Aliwatazama wale vijana mmoja mmoja, kama anawahesabu.

"Naambiwa nyote mmenioa. Basi mjue mmeoa nini. Huyu alikaa karibu na mimi kuliko nilivyo mimi na meza hii. Yule mtu aliponishika, aliona. Nilimtazama usoni, akaona namtazama. Akafungua gazeti, akajifunika nalo. Tena alilishika juu chini."

Mimi natafuta shimo sakafuni.

Karam, yule mrefu, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa bibi, nani alimpiga yule mtu?"

"Mimi. Nani mwingine? Behewa zima lilikuwa na wanaume, na kilichosimama upande wangu ni samli."

Mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Kifuniko kiliruka, samli ikammwagikia mwenye gazeti, suti yake yote. Nilifurahi. Mwenye masharubu alishuka kituo kilichofuata. Wengine wakaanza kunipa pole, na kunishauri nisiwe nasafiri peke yangu."

"Kwa nini ulikubali kuolewa naye, bibi?"

Insaf aliniangalia, na mimi niliona aibu kuliko siku ile ya treni, na ya treni haikuwa ndogo.

"Kwa sababu siku ya tatu aligonga mlango wetu na kopo jipya la samli. Baba yangu akamuuliza wewe nani. Akasema, mimi ndiye niliyeona nikanyamaza. Wanaume wa behewa lile walikuwa kama arobaini. Huyu peke yake ndiye aliyekuja kusema. Nikamwambia baba, mtilie chai." Akakaa. "Neno moja la maana alilowahi kusema, nikaolewa nalo. Halafu kaenda kulifuta, kaweka kisa cha kumpiga mwenye masharubu."

Sikuinua kichwa. Nilisikia viti vinalia, watu wanajikunja.

Nagla alichukua fungu la madodoso ya pili, akaanza kusoma sehemu ya maelezo, bila majina kwa sababu hayakuwepo. Niliona, nikanyamaza. Niliona, nikacheka na wenzangu. Msumbuaji nilikuwa mimi, na sijawahi kumwomba radhi. Alisoma kama kumi hivi. Akamwambia mkuu kwamba sabini na nne wameandika vile. Tisini na nane ilikuwa ya Ami Wagdi. Sitini na moja ndiyo namba ya kwanza ya kweli kutoka kwa vijana hawa.

Mkuu si mjinga. Alisema, sawa, ya kwanza ni ya uongo, lakini basi daktari huna kitu. Una baada, huna kabla. Utasemaje wamebadilika, toka wapi kwenda wapi?

Na hapo, kwa kweli, Nagla alianza kupekua karatasi zisizo na kabla yoyote. Nilimwona. Radwa naye nilimwona kule nyuma, amekumbatia mkoba wake.

Insaf akanong'ona, lakini mnong'ono wa mke wangu unasikika mpaka Iskandaria:

"Kwani wasichana mmewauliza?"

Mkuu akamgeukia. Insaf akasema kwa sauti sasa, kwamba wanaume wanaulizwa kama ni wema, na wasichana wanaopita pale kila siku hakuna anayewauliza kitu. "Wapeni dengu," alisema. "Mzee wangu anazo gunia zima. Msichana akitupiwa neno, adondoshe dengu moja kwenye chupa. Akishikwa, adondoshe tano. Kila wiki mhesabu. Wavulana watadanganya kwa kalamu. Dengu haina kalamu."

Pakawa na kelele kidogo, wasichana wanaongea kwa pamoja. Nagla alikuwa ameshatoa daftari. Akasema wapo wavulana wa mwaka wa tatu ambao hajawafundisha, na ndio waliobaki ukutani. Wapimwe wao: wiki mbili kabla ya mafunzo, wiki mbili baada, kwa dengu.

Mkuu aliangalia saa, akaangalia ukumbi, akaona pa kutokea hapaoni. Akaahirisha lango la mfereji mpaka mwisho wa muhula.

Chupa ikakaa kibandani kwangu, ile kubwa ya kioo. Wiki ya kwanza dengu zilikuwa zinadondoka tang, tang, kama mvua kwenye bati. Nilizoea kumimina chai bila kusikia kitu. Sasa nilikuwa nasikia kila moja.

Ikahesabiwa: mia tatu na arobaini. Lakini Radwa alikuwa anaandika pembeni kwenye daftari lake, na daftari lilisema mia tatu sabini na tatu.

Thelathini na tatu zimekwenda wapi?

Jamani, zilikuwa zimekaangwa vizuri, na mikono ya mtu mzima husahau. Nilizilipa. Insaf akaja akaifunga chupa kwa kitambaa na uzi, akatoboa tundu la kupita dengu moja tu, na daftari la Radwa ndilo likawa kumbukumbu rasmi.

Wa mwaka wa tatu wakapelekwa kwenye mafunzo wakinung'unika. Siku ya kwanza Karam na wenzake wanne wa mwaka wa pili walikwenda kukaa nao ukutani. Niliona mwenyewe: mmoja akafungua mdomo msichana anapita, Karam akamuuliza, kwa upole kabisa, kama anamuuliza saa, "Unamjua? Unataka akujibu nini?" Yule akafunga mdomo. Hakuna ngumi wala samli. Swali tu. Binti akapita.

Wiki ya mwisho chupa ilikuwa na themanini na nane.

Mkuu akazihesabu mwenyewe, mara mbili, kwenye kitambaa cha meza yake. Akasema ni kazi nzuri. Nagla akasema themanini na nane bado ni nyingi mno, na akaomba wa mwaka wa kwanza. Akapewa. Lango la mfereji lina kufuli lake mpaka leo, na kutu juu yake. Radwa yuko mwaka wa tatu. Sanduku la vitabu limerudi kuwa sanduku la blanketi.

Bulbul alijaribu kuuza majibu ya dengu. Alishindwa kuyapiga fotokopi.

Funzo la kisa hiki, wanangu, si gumu. Mtu akikuuliza ulifanya nini siku ile, mwambie ulichofanya, hata kama ni gazeti. Ukimpa ulichotamani kufanya, utapata maksi tisini na nane, na binti wa mtu atapita kando ya mfereji.

Mimi nilifunzwa hilo, nikasimama mwenyewe mbele ya...

Subirini kidogo.

Insaf amesimama nyuma yangu, anasoma. Amevaa miwani yangu.

Ameweka kidole pale juu nilipoandika kwamba nilisimama mwenyewe, kwa hiari yangu kabisa, kifua mbele.

"Nani alikufinya paja, Baba Hisham?"

Sawa. Nilifinywa. Nilifinywa mara mbili, na ya pili aliizungusha.

Sasa nyumbani kwetu tangu Jumapili ile kuna sheria, Radwa kaiandika na kuibandika kwenye friji: kila uongo mmoja kuhusu treni au ukumbi, kopo moja la samli. Samli ya kweli, ya Mahalla. Na sharti niifuate mwenyewe, daraja la tatu, niibebe mapajani.

Nimejitetea kwamba ukumbi si treni. Amenionyesha friji.

Treni inaondoka saa tano na robo. Nimeshavaa viatu. Nilitaka kubeba gazeti la njiani, amenikataza.